Maziwa Yaliyofika Ukutani

Binti yangu alizaliwa ndani ya saluni yangu, mchana kweupe, mwalimu wa hesabu akiwa ameshasukwa nusu ya kichwa.

Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani natia chumvi. Sitii. Mimi ni msusi, na wakati huo saluni yangu ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili vya kuzunguka na feni iliyopuliza upande mmoja tu. Chumba cha pili alikuwepo fundi simu. Kliniki walikuwa wameniambia nimebakiza kama mwezi, nami niliamua kusuka mpaka miguu ikatae. Mgongo uliniuma tangu asubuhi, lakini msusi gani asiyeumwa mgongo?

Mwalimu alitaka rasta nyembamba, zile za kukalisha mtu siku nzima. Nilikuwa nimetundika nywele bandia begani, nagawa mstari juu ya sikio lake, mara nikasikia kitu kimeachia ndani yangu na miguu ikalowa. Nikatazama rafu nikidhani chupa ya dawa imeanguka.

Mwalimu akatazama sakafu, kisha akanitazama mimi kwenye kioo.

"Dada," akasema, "hiyo siyo dawa ya nywele."

Nilitaka kumjibu asitikise kichwa, mstari utapinda, ndiyo akili niliyokuwa nayo. Uchungu ukanikamata, nikajikuta nimepiga magoti, nimeng'ang'ania mguu wa kiti chake. Mwalimu akaruka na taulo langu shingoni, akafungua mlango, akamwita fundi simu kwa sauti ya kuita darasa zima. Fundi akachungulia, akaona, akageuka kutazama barabara.

"Tafuta gari!" mwalimu akamwambia.

"Natafuta!" akajibu, lakini hakusogea. Alikuwa ameshika simu tatu za wateja na hajui aanze na ipi.

Gari lilikuja, ila mtoto alilitangulia. Mwalimu hakuwa amewahi kuzalisha mtu. Alikunja mikono ya blauzi, akatandika mataulo yote niliyokuwa nayo, akaniambia, "Sukuma. Vizuri. Tena. Vizuri sana!" kama mtu anayesahihisha mtihani. Kisha nikasikia kilio chembamba, na mwalimu akaanza kulia naye, nusu ya kichwa chake ikiwa rasta na nusu imesimama wima.

Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tukiishi naye, alifika akihema. Alimchukua mtoto, akamgeuza, akapiga ukelele.

"Mbona ana mkia?"

Ilikuwa nywele bandia. Sakafu ilijaa vipande vyake, na kimoja kilikuwa kimegandia makalioni pa mtoto. Alipokibandua tulicheka mpaka machozi, sisi wanawake watatu, na fundi simu kule nje akawa anauliza, "Kuna nini? Kuna nini huko?"

Hospitali walimpima, wakasema ni mdogo lakini hana kasoro, tukarudi nyumbani. Mume wangu, fundi wa friji, mtu wa kubeba friji mgongoni na kupanda nalo ngazi, alikuwa akiogopa kumshika. Alimpokea kwa mikono miwili iliyonyooka kama anapewa sinia ya mayai. Mama mkwe alimwambia, "Mlete kifuani, baba, hana umeme huyo." Wiki za kwanza zilikuwa hivyo. Kucheka, kulala kidogo, kufua nepi, na kunyonyesha mtoto aliyependa ziwa kuliko kitu kingine chochote duniani.

Alikuwa anakaribia kutimiza mwezi nilipomnyonyesha alasiri moja, nikamweka begani acheue. Nilihisi mwili wake umekaza kama kamba. Maziwa yakatoka. Sisemi yalimwagika. Yaliruka juu ya kitanda, yakavuka nguo zilizokunjwa, yakapiga ukuta wa upande wa pili na kuanza kuteremka polepole. Nilibaki nimeshika mtoto, natazama ukuta, natazama mdomo wake mdogo, natazama tena ukuta. Akili ilikataa kuunganisha hivyo vitu viwili.

Mume wangu aliporudi akauliza, "Nani amemwagia maziwa ukutani?"

"Mwanao."

"Usinichezee."

"Subiri anyonye tena."

Alinyonya tena, kwa pupa, kama hajawahi kuonja kitu. Tulikaa tukimtazama kama watu wanaosubiri baruti. Yakaruka. Mume wangu akarudi nyuma hatua moja na kujigonga kwenye kabati.

"Maziwa yako ni mengi, mwanangu," mama mkwe aliniambia. "Mtoto anazidiwa. Mpunguzie."

Alisema hivyo kila siku. Na kila mtoto alipoanza kukakamaa, yeye aliinuka akatoka nje. Mwanamke aliyebandua uchafu wote wa uzazi kwa mikono yake, leo maziwa tu yanamkimbiza chumbani. Nilikereka moyoni, nikajiambia kumbe mama mkwe ni mama mkwe.

Kliniki, muuguzi alinisikiliza huku akiandika. "Watoto wote hucheua, mama."

"Hii siyo kucheua, dada. Inafika ukutani."

"Kila mama wa mtoto wa kwanza huniambia hivyo." Akanipa matone ya gesi.

Matone nayo yalifika ukutani.

Kilichonitisha zaidi ni njaa yake. Mtoto mgonjwa hukataa kula, hivyo ndivyo nilivyojua. Huyu alikuwa akitapika kisha hapohapo anafungua mdomo na kunitafuta kifuani, anageuza kichwa huku na huku, analia kwa hasira. Nikimpa, anarudisha. Nepi nilizokuwa nafua mchana kutwa zikaanza kubaki kavu. Mashavu yakaingia ndani. Paji la uso likakunjamana, akawa na sura ya bibi kizee anayewaza mambo yake. Asubuhi moja nilimvua nguo nimwogeshe, nikaona mbavu. Mimi huyu, niliyekuwa na maziwa ya kulowesha magauni, mwanangu ana mbavu.

Nikarudi kliniki bila kusubiri tarehe. Muuguzi yuleyule alimweka kwenye mizani, akatazama, akamtoa, akamweka tena. Akaandika karatasi ya rufaa, akanifungia mwenyewe mtoto mgongoni, akanishika bega. "Nenda hospitali kubwa sasa hivi. Usipitie nyumbani."

Nilimpigia mume wangu simu, akanikuta pale mapokezi akiwa bado na mkanda wa bisibisi kiunoni. Mama mkwe naye alifika na mfuko wa nguo za mtoto. Tuliitwa kwenye chumba cha daktari wa watoto, kijana mwembamba mwenye miwani mikubwa. Alimtazama mtoto, akabana ngozi ya tumbo lake na kuiachia, akauliza maswali machache. Kisha akavuta kiti.

"Mnyonyeshe hapa, nione."

"Daktari, basi kaa pembeni kidogo."

"Nipo sawa hapa."

"Nakwambia kwa nia njema."

Hakusogea. Nilimweka mtoto ziwani, naye daktari akaingiza mkono taratibu chini ya mbavu zake, akawa anapapasa macho yakiwa kwenye dari, kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. Akasimamisha vidole. "Angalieni hapa," akasema.

Tukaangalia. Chini ya ngozi ile nyembamba ya tumbo kulikuwa na kitu kinatembea. Wimbi. Lilianzia upande wa kushoto, likavimba, likavuka hadi kulia, likapotea, likaanza tena. Nilihisi nywele za mikono yangu zinasimama. Nilikuwa nimemwogesha mtoto huyu kila siku, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachosukuma, kinasukuma, na mimi sikujua.

Ndipo yakaja. Yalimpata daktari usoni, yakapita juu ya sikio lake, yakaishia kwenye pazia. Mume wangu akasema, "Samahani, daktari, samahani sana," kama vile ametema yeye.

Daktari akavua miwani, akaifuta kwenye koti. Alikuwa anatabasamu, nami nilitaka kumzaba kofi.

"Nimeelewa sasa," akasema. "Mama, mwisho wa tumbo kuna mlango mdogo, maziwa hupitia hapo kuingia kwenye utumbo. Kwa huyu, misuli ya mlango huo imenenepa mpaka imeuziba. Nimeigusa, ni ngumu kama kokwa. Maziwa yanafika mlangoni, yanagonga, hayafunguliwi, yanarudi yalikotoka. Maziwa yako hayana kosa. Na yeye hana kosa, ndiyo maana ana njaa."

"Sasa dawa yake?" nikauliza.

"Haina dawa ya kunywa. Ni upasuaji."

Nilimsikia. Kila neno nililisikia. Lakini nilitazama nyuma yangu nione anaongea na nani.

"Mumpasue nani?"

"Mtoto."

"Huyu?"

Alikuwa amelala mapajani mwangu, mkono wake wote ukiwa sawa na kidole changu cha kati. Mtamkata wapi? Nilijaribu kuona kisu na mtoto yule katika chumba kimoja, nikashindwa. Nyuma yangu nikasikia kishindo. Mume wangu, mbeba friji, alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini, macho yamegeuka, bisibisi zimetawanyika sakafuni. Muuguzi akaja na maji, akampiga piga mashavu.

"Baba, mgonjwa wetu ni mmoja," akamwambia. "Usituongezee kazi."

Daktari alisubiri mpaka mume wangu akafumbua macho. Akaeleza kwamba mtoto hatapasuliwa siku ile, kwamba kwanza wangemwekea maji na chumvi kwenye mshipa mpaka damu yake itulie. Alieleza polepole, kisha akachukua kalamu.

"Tatizo hili huwapata wavulana zaidi, wasichana ni wachache. Ila wakati mwingine linatembea katika ukoo. Kuna yeyote kwenu aliyewahi kutapika hivi utotoni? Kaka, dada?"

Nikasema kwetu sijawahi kusikia. Mume wangu alikuwa bado amekaa sakafuni. "Hata kwetu hakuna," akasema. "Mimi ndiye wa kwanza. Wadogo zangu wote nimewaona wakikua."

"Wewe siyo wa kwanza."

Aliyesema ni mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wa nguo ameukumbatia kifuani.

"Mama?" mume wangu akasema.

"Siyo wa kwanza. Alikutangulia mwenzako. Wa kiume." Hakumwangalia mwanawe, alimwangalia daktari. "Alizaliwa mnene. Alipokaribia mwezi akaanza kutapika. Hivihivi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, maziwa yakiingia ukutani yananuka, nikawa naukwangua kwa kijiko. Waliniambia maziwa yangu ni mengi. Nikapunguza. Akawa anakonda. Wakaniambia basi maziwa yangu ni mabaya, yanamuua. Nikaacha kumnyonyesha kabisa, ili apone."

Aliukaza mfuko kifuani.

"Alikuwa ananitafuta kwa mdomo," akasema. "Mpaka mwisho alikuwa ananitafuta, na mimi nimejifunga kitambaa kifuani."

Mtoto wangu alikuwa hapo hapo mapajani, anageuza kichwa huku na huku, ananitafuta. Nilimtazama yeye, nikamtazama mama mkwe, na nikaelewa kwa nini alikuwa akitoka chumbani. Aibu na mshtuko vilinipanda pamoja mpaka masikio yakaziba.

"Nieleze, daktari," mama mkwe akasema. "Yalikuwa maziwa yangu?"

Daktari aliweka kalamu chini. Tabasamu lilikuwa limeondoka zamani. "Hapana, mama. Hayakuwa maziwa yako."

"Na angepasuliwa?"

Daktari akamtazama mtoto mapajani mwangu. Nadhani alikuwa anapima kama uongo ungekuwa na huruma zaidi. "Kama palikuwa na daktari wa upasuaji karibu," akasema, "ndiyo, mama. Angepona."

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. Akatua mfuko wa nguo juu ya meza ya daktari, katikati ya makaratasi.

"Basi mpasueni huyu," akasema. "Msikawie."

Tulilazwa. Maji yalipita kwenye mshipa wa kichwa, kwa sababu mkononi walikosa kuupata, na mtoto akaacha kuwa na sura ya kizee. Kumnyonyesha hawakuniruhusu. Maziwa yalikuwa yakinitoka yenyewe kila alipolia, nami nikikamua kwenye kikombe na kumwaga. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akishika kikombe. Mara moja tu nilimwambia, "Mama, nisamehe, nilidhani unaona kinyaa." Akajibu, "Bora udhani hivyo kuliko kujua," akaenda kuosha kikombe.

Asubuhi ya upasuaji alikuja daktari wa usingizi, bonge la mtu mwenye kofia ya maua, akamchukua mtoto mikononi akaondoka naye akimpigia mluzi. Mlango ukafungwa. Tulikaa kwenye benchi la korido, mimi katikati.

Mume wangu hakuwa amezungumza na mama yake tangu siku ile. Aliinama, viwiko magotini, anazungusha pete yake.

"Aliitwa nani?" akauliza ghafla.

Mama mkwe akamtajia. Mume wangu akalirudia jina lile taratibu, mara moja, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akasimama.

"Miaka yote hii, mama! Mimi nina kaka na sijui!"

"Baba yako alisema tusimtaje, tutamkosesha usingizi kule alikolala."

"Na wewe ukakubali?"

"Nilikuwa na wewe tumboni. Ningekubali chochote."

Akaondoka kwa hasira mpaka mwisho wa korido, nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi. Nilidhani ameenda zake. Akarudi na chai vikombe vitatu, kimoja akampa mama yake, akamwonya, "Ya moto," akakaa upande wake, siyo wangu.

Aliyetoka mlangoni alikuwa daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi, barakoa imening'inia shingoni. Nilisimama na chai yote ikanimwagikia miguuni, sikuisikia.

"Mlango umefunguka," akasema. "Yuko salama. Anaamka, na ana hasira."

Nilitaka kushangilia, nikatoa mlio wa ajabu, kama mlango usiotiwa mafuta. Walituletea mtoto akiwa na plasta ndogo juu ya kitovu. Plasta tu. Nilikuwa nimejiandaa kumwona amefunguliwa kama begi.

Saa kadhaa baadaye muuguzi akaniambia nimnyonyeshe, kidogo kidogo. Nilikataa. Akaniambia tena. Nikamweka ziwani huku nimeshika kitambaa kikubwa mkononi, mume wangu amesogeza kiti chake nje ya njia, na mama mkwe amesimama karibu na mlango kama kawaida. Alinyonya kwa pupa yake ileile. Muuguzi akasema inatosha. Nikamwinua begani. Nikahisi mgongo wake umekaza.

Akacheua. Sauti tu, nzito, ya mlevi aliyeshiba. Kisha akalala.

Tuliendelea kungoja. Nakuambia kweli, hakuna kilichonishtua katika mambo yote yale kama ukuta kubaki mkavu. Mume wangu aliugusa kwa kiganja, hajui anafanya nini. Mama mkwe akaja mpaka kitandani, akainama, akaweka sikio lake juu ya tumbo la mjukuu wake na kusikiliza.

"Yanapita," akasema. "Yanapita haya."

Mtoto alinenepa mpaka tukawa tunamtania. Mwalimu alikuja kumtazama, rasta zake amemaliziwa na msusi mwingine, vibaya, na nikamwambia hivyo. Ila mume wangu hakutulia. Jumapili moja aliazima gari la kazini akasema anataka kwenda kule mama yake alikoishi zamani. Tukaenda sote, mtoto akiwa amelala mapajani mwangu.

Nyumba ya udongo haikuwepo. Mahali palipokuwa na makaburi barabara ilikuwa imepita, na kando yake, pale mama mkwe alipoonyesha baada ya kusitasita sana, palikuwa na kibanda cha fundi wa matairi. Matairi yamepangwa mpaka juu, mashine ya upepo inanguruma, huwezi kusikia hata unachowaza. Fundi akatujia akifuta mikono.

"Limetoboka lipi?"

"Hakuna lililotoboka," mume wangu akamwambia. Ilibidi apige kelele. "Tumekuja kumsalimia kaka yangu. Alizikwa hapa."

Fundi alimtazama, akamtazama mama mkwe, akatazama ardhi chini ya ndala zake. Akarudi ndani, nikadhani tumemuudhi. Mashine ikazimwa. Akatoka, akavua kofia, akaenda kusimama barabarani, na kila gari lililotaka kuingia akalipungia mkono lipite.

Mama mkwe alipiga magoti kati ya matairi. Alikaa hapo muda mrefu, kiganja kimelala juu ya udongo mweusi wa oili, akiongea kwa sauti ya chini maneno ambayo sikuyasikiliza. Mume wangu alisimama nyuma yake amemshika mabega. Alipomaliza alinyoosha mkono, tukamwinua, akajikung'uta magoti.

Njiani kurudi mama mkwe alilala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo cha gari. Mtoto akaamka analia njaa, nikamnyonyesha hapohapo.